"Nakala" Imelemewa: Tuwape Mafundi Maneno Yao

Ukishuka garini Malaba alfajiri, hujapata hata kikombe cha chai, neno la kwanza kukupiga sikioni ni "nakala". Nakala ya kitambulisho, nakala ya leseni, nakala ya hati za mzigo, na mara nyingine nakala ya nakala. Vibanda vya fotokopi vimepangana kando ya njia kama maduka ya halua siku za Idi. Busia nako ni vivyo hivyo, ijapokuwa kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Februari 2018 na marais wa nchi hizi mbili, na ijapokuwa karatasi nyingi sasa zimehamia ndani ya kompyuta. Karatasi haifi upesi, hasa penye askari na geti.

Mimi ni mtu wa Pwani, na safari hii sikuwa na mzigo wa kuvusha. Nilipelekwa Malaba na maneno ya Kitaliano.

Asishangae msomaji. Yuko kijana mmoja wa Malindi, mchora ramani za majengo, aliyefanya kazi miaka mingi chini ya Wataliano wanaojenga majumba yao kule pwani. Kazi aliifunza kwa lugha yao. Sasa anasimamia ujenzi wa maghala hapo Malaba, na chini yake wako vijana wanne wanaojifunza: wawili Wateso, mmoja Mluhya, na mmoja wa kutoka Tororo, ng'ambo. Lugha inayowakalisha meza moja ni Kiswahili. Lakini kila wanapomwuliza mwalimu wao, "Hii huitwaje? Na ile huitwaje?" jibu lake huwa moja tu: nakala. Karatasi iliyofuatishwa kwa mkono ni nakala, iliyotoka mashineni ni nakala, iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu ni nakala. Akaniandikia maneno yapatayo thelathini aliyoyarithi kwa Wataliano, yote ya namna za kuzalisha mchoro kutoka mchoro mwingine, akasema: "Mwalimu, wewe ni mshairi, nitafutie Kiswahili chake." Watu hudhani mshairi ana ghala la maneno nyuma ya nyumba.

Basi nilipanda basi. Njia ilipita Mai Mahiu, penye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kitaliano mwaka 1942, wakati walipokuwa wakiikata barabara ya bondeni. Nikasema moyoni, kumbe mkono wa Mtaliano umetangulia katika njia ya Malaba kabla ya maneno yake.

Nianze na hili neno "nakala" lenyewe. Waliosoma chuoni wanalijua asili yake. Ni ndugu wa "naql", kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali, na Mwarabu mpaka leo uchukuzi wa mizigo huuita kwa jina hilo. Yaani nakala ni shehena. Kimetolewa kitu hapa kikapelekwa pale. Mji wa malori kama Malaba hauna haja ya kufafanuliwa zaidi, maana kila dereva ajua kwamba mzigo wa chumvi na mzigo wa mayai havipakiwi namna moja, wala haviharibiki namna moja. Hapo ndipo penye hoja yangu. Namna mchoro ulivyosafirishwa kutoka karatasi moja hata nyingine ndiyo inayokueleza uangalie wapi palipoharibika. Waandishi wa Siyu walionakili misahafu kwa kalamu, kosa lao waliweza kulifanya katika herufi. Tungo za Muyaka zisingetufikia kama tuzisomavyo lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingezikusanya, na anayezisoma hutazama neno lililoandikwa vibaya au mshororo ulioruka. Mashine haikosei herufi. Mashine hukosea vingine.

Nitatoa mfano wa hapo hapo Malaba, niliousikia kwa wenyewe wenye shughuli. Watu kadhaa walichanga wajenge chumba cha sala karibu na maegesho ya malori, kidogo tu, cha safu nne au tano. Msomaji wa Mombasa amezoea kwamba kibla ni kaskazini moja kwa moja. Ni kweli, kwa kuwa Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, na tofauti haitimii hata digrii moja. Malaba iko magharibi zaidi, kwa hiyo anayesali huko huinama upande wa mashariki kadiri ya digrii 14. Mchoraji alilijua hilo. Alichora chumba kikiwa kimeinama sawasawa ndani ya kiwanja, kwa wino, juu ya ile karatasi inayopenya mwanga. Maandishi yalikuwa bado. Karatasi ikapelekwa mji mwingine, kwenye ofisi yenye mashine kubwa, ikatolewe "nakala tatu". Aliyeiweka mashineni akailaza kifudifudi. Karatasi ile ikitazamwa mbele au nyuma mistari huonekana vilevile, na kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nakala zikarudi, maandishi yakaandikwa juu yake, na kibla sasa kimeinama digrii 14 upande wa magharibi. Jumla ya upotovu digrii 28! Aliyegundua ni fundi aliyekuja kuchimba msingi, naye hakugundua kwa kibla. Aliona mahali pa kutawadhia pamehamia upande wa barabara, ambako alikwisha kuambiwa hapana mfereji. Hapo ndipo dereva mmoja akatoa simu yake yenye dira, na watu wakaanza kutazamana.

Wakaulizana kosa ni la nani. Mchoraji akasema, "Niliomba nakala." Mwenye mashine akasema, "Nilitoa nakala." Wote wawili walisema kweli! Neno walilolitumia halikuwa na mahali pa kuulizia: upande upi? Kwa njia ipi? Imetazama wapi?

Sasa mtazame Mtaliano. Karatasi ile inayopenya mwanga huiita *lucido*, na ukitoa karatasi nyingine ya namna hiyohiyo kutokana nayo, ambayo nayo itazaa nyingine, huiita *controlucido*. Mchapo unaopatikana kwa kugandamiza karatasi tupu juu ya mchoro mbichi, ambao lazima utoke umegeuka kama sura ya kiooni, huuita *controprova*. Kila jina limebeba onyo lake.

Katika *lucido* nilikaa siku mbili. Kijana wangu alikuwa amejaribu "karatasi ng'avu". Nikamkataza. Kinachong'aa ni kiatu kilichopakwa rangi, na kwa kweli Wataliano hata dawa ya viatu huiita *lucido*, ndiyo maana ukilifasiri neno peke yake linakupoteza. Karatasi hii hain'gai. Mwanga unapita ndani yake, unaona kilicho chini. Kiswahili kina "angavu", neno la maji ya kisima yanayoonyesha changarawe. Basi ni karatasi angavu, au kwa mkato wa kazini, "angavu". Na karatasi hii si mpya hata kidogo. Cennino Cennini, fundi wa Kitaliano aliyeandika kitabu cha ufundi wa uchoraji karibu mwaka 1400, alieleza jinsi ya kuifanya karatasi ipenye mwanga kwa kuipaka mafuta ya kitani, ili mchoro wa bwana mkubwa ufuatishwe juu yake. Na *controlucido* je? Hapa nimechukua "rudufu", neno ambalo maofisi ya Tanzania yalilitumia sana zama za mashine za stensili: angavu rudufu. La tatu nimeliita "chapa ya kinyume". Mchonga mihuri wa Busia alinielewa kabla sijamaliza sentensi, maana yeye maisha yake yote anachonga maneno kinyume ili yasomeke wima. (Sikumwuliza anachonga mihuri ya akina nani. Mgeni ana adabu zake.)

Liko neno moja la Kitaliano ambalo tunalo tayari, nalo tunalipiga chenga kila siku magazetini. *Cartone* ni karatasi kubwa nene, na ndilo jina la mchoro uliochorwa kwa ukubwa kamili wa kazi, uhamishwe ukutani au kwenye kitambaa. Waingereza wakalichukua, wakaligeuza kuwa kichekesho cha gazetini, nasi tukapokea kwao: "katuni". Raffaello alichora katuni za mazulia ya kutundikwa ukutani mnamo 1515 na 1516, na saba kati yake ziko London mpaka leo. Alizichora kinyume, kwa makusudi, kwa sababu wafumaji hufuma upande wa nyuma wa zulia, na kazi ikigeuzwa ndipo husimama sawa. Laiti yule mwenye mashine angelikuwa amesikia habari ya katuni hizo. Nilipendekeza neno hili lirudishiwe maana yake ya kwanza, angalau miongoni mwa mafundi, lakini wale vijana wanne walicheka sana, na nadhani hapa nimeshindwa na magazeti yetu wenyewe. Liachwe. Mchoro wa kadiri kamili utatosha.

Ama neno lililonipeleka Malaba hasa ni *spolvero*. Fundi hutoboa mchoro wake kwa sindano, tundu baada ya tundu, akifuata mstari. Kisha huibandika karatasi ukutani, akaipigapiga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Unga hupenya matunduni, na karatasi ikiondolewa, mchoro umebaki ukutani kwa vitone. Ndivyo walivyojaza kuta za Italia karne nyingi. Nilikuwa nimeliandikia tafsiri ndefu ya kitaaluma, yenye "uhamishaji" na "utoboaji" ndani yake, ambayo hakuna fundi angeiweka mdomoni.

Siku ya pili, nyuma ya kituo cha mafuta, nikamkuta mpaka rangi wa malori, Mteso, kijana wa miaka thelathini hivi. Alikuwa akiandika jina la tajiri juu ya mlango wa lori, na mlango wa upande wa pili ulitakiwa uwe na jina lilelile kwa herufi zilezile. Alikuwa na karatasi ya khaki iliyotobolewa kwa pini, na soksi kuukuu iliyojaa unga wa chaki. Pa, pa, pa, kisha akaondoa karatasi. Nikamwuliza kazi ile yaitwaje. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina la maji. "Kupiga vumbi," akasema. Vumbi ndilo neno lililomo ndani ya *spolvero* yenyewe, kwa kuwa *polvere* ni vumbi! Mtu huyu hajaona Italia wala hajasikia jina lake. Mkono ulifanya kazi ileile, na mdomo ukatoa neno lilelile.

Sisi wa Pwani tuna tabia ya kuziba masikio tukivuka Voi, tukidhani Kiswahili kimebaki nyuma yetu. Walakini hebu tukumbuke "boda boda" lilizaliwa wapi. Lilizaliwa mpakani hapa, Busia, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwabeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, wakinadi kwa Kiingereza kilichovunjwa, na leo hakuna mji wa Afrika Mashariki usiolitumia, pamoja na miji yetu yenye washairi. Hakikukaa kikao wala haikuteuliwa kamati. Nimeliandika "kupiga vumbi" katika orodha yangu, nikaifuta tafsiri ile ndefu kwa furaha.

Pwani nayo imetoa sehemu yake, na hapa niruhusiwe kujisifu kidogo. Mafundi wa Kitaliano kabla ya kupaka rangi juu ya chokaa mbichi walichora kwanza chini yake kwa udongo mwekundu, wakauita *sinopia*, kwa jina la mji wa Sinop ulioko pwani ya Bahari Nyeusi, ulikotoka udongo huo. Kijana wangu alitaka kuandika "rasimu nyekundu". Nikamwuliza, babu yako hakuwa seremala? Maseremala wetu walikuwa na uzi wa ngeu, uzi uliochovywa udongo mwekundu, ukavutwa juu ya ubao na kuachiliwa, ukaacha mstari ulionyooka. Ngeu ni udongo ule, na ngeu ni ule mstari. Neno liko, limekaa kamusini bila kazi tangu tulipoanza kununua penseli.

Na udongo huo mwekundu hauko mbali na Malaba. Katika kaunti hiyohiyo ya Busia, kwenye vilima vya Chelelemuk, liko jabali la Kakapel lenye michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara, na ng'ombe. Serikali ililitangaza kuwa turathi ya taifa mwaka 2004. Chini yake wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mbegu za kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi, habari iliyotangazwa 2024. Nilikwenda kuyaona, na kisa cha kuyataja hapa si utalii. Zamani wataalamu wa michoro ya namna hii walikuwa wakibandika karatasi angavu juu ya jiwe lenyewe na kufuatisha kwa kalamu. Siku hizi wengi wanakataza, kwa kuwa kugusa kunaondoa rangi, na badala yake hupigwa picha. Ukiandika kitabuni "nakala ya mchoro wa Kakapel", msomaji hajui kama jiwe liliguswa au halikuguswa. Ukiandika "mfuatisho" au "picha", amejua. Kwa jabali lile, tofauti ya maneno hayo mawili ni ngozi yake.

Neno "chora" nalo lina kesi. Mzee wa Lamu akisema mlango umechorwa, hasemi umepakwa rangi. Amekusudia umekatwa nakshi kwa patasi. Kuchora kwa asili ni kuchanja. Kwa hiyo yale maneno ya Kitaliano ya kuchanja shaba ili ichape, ambayo Waswahili wengi huyaogopa, kwetu ni mepesi. *Acquaforte*, yaani maji makali, ni bamba la shaba lililopakwa nta, likachorwa kwa sindano, likatiwa katika tindikali ikala palipochorwa: mchoro wa tindikali. Hakuna makanika wa Malaba asiyeijua tindikali, imekwisha kumtoboa suruali. *Puntasecca*, ncha kavu, ni sindano kuchanja shaba yenyewe pasipo tindikali, ndiyo maana ikaitwa kavu: mkwaruzo. Wapo watakaosema mkwaruzo ni neno la dharau. Na wakwaruze wao shaba kwanza.

Yaliyobaki nayapitia mbio. *Eliocopia* ni nakala ya jua, kwani zamani fremu ilianikwa nje kama mbata. *Cianografia*, ile ya mistari myeupe juu ya buluu iliyotokana na ugunduzi wa Herschel wa Uingereza mwaka 1842, ni nakala ya nili. Njia ya kugawa mchoro kwa vyumba ili kuukuza, *quadrettatura*, mpaka malori wangu aliiita kutia miraba, nami sina la kuongeza. Fotokopi ibaki fotokopi. Imekwisha kupata uraia.

Najua nitajibiwa kwamba mashine kubwa za zamani zimekwisha kuondoka, kwamba siku hizi mchoro hutoka kompyutani, na kwamba haya ni maneno ya makaburini. Ni kweli mashine zile zimekwenda. Lakini kompyuta nayo ina kitufe cha kugeuza kinyume, na ina kitufe cha kupunguza ukurasa ili uenee karatasini, na fundi anayepima kwa rula juu ya karatasi iliyopunguzwa atajenga choo mahali pa chumba. Wengine watasema kazi hii ni ya mabaraza. Baraza la Kiswahili la Tanzania liko tangu 1967 na limefanya mengi, nami nitawapelekea orodha yangu kwa heshima. Lakini wale vijana wanne wa Malaba wanachora leo, na kiwanja cha kile chumba cha sala kimekwisha kupimwa upya. Safari hii pembeni mwa karatasi angavu, kabla ya mstari wowote, mchoraji ameandika kwa wino: UPANDE HUU JUU.

Katika orodha yamebaki maneno mawili sijayapata. Moja ni lile la kifuko chenyewe cha unga wa mkaa. Soksi ni soksi, nataka jina la chombo. La pili ni la kusugua nyuma ya karatasi kwa mkaa, kisha ukafuatisha mbele kwa ncha butu ili mchoro ushuke chini. Nadhani washona kofia wa Lamu na wachora nakshi wa milango wana maneno hayo. Anayeyajua na aniandikie kwa anwani ya gazeti hili, ataje na mji wake, na aeleze ameyasikia kwa nani.